Eli Bado Yuko Macho: Jinsi Stargate Universe Ilivyokatika Njiani

Kitambo sijaandika kitu kisichohusu seva wala simu, basi leo nipeni ruhusa tuzungumze televisheni. Usiondoke lakini, kompyuta zimo ndani.

Juzi jioni nilikuwa Feri, upande wa kisiwani, nangoja kuvuka kwenda Likoni. Meli ya makontena ilikuwa inaingia Kilindini, na mjuavyo, meli kubwa ikipita feri husimama, hakuna ubishi. Tumejazana bandani, mamia ya watu na vikapu vyao, joto juu. Kijana mbele yangu ameinamia simu anatazama kitu. Nikachungulia (tabia mbaya, najua). Nikaona pete kubwa ya chuma imechorwa alama pembeni, na katikati kitu kama maji yaliyosimama wima. Moyo ukanidunda. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, uko msimu wa ngapi?" Akaniambia ndiyo kwanza anaanza, wa kwanza.

Nikanyamaza. Ningemwambia nini?

Alichokuwa akitazama ni Stargate Universe, tamthilia ya kubuni ya kisayansi iliyoanza tarehe 2 Oktoba 2009 na kumalizika tarehe 9 Mei 2011. Naam, nasema "kumalizika" kwa sababu sina neno jingine, lakini haikumalizika. Ilikatika kama stima inavyokatika, uko katikati ya sentensi.

Kwa wasioijua, nianze mbali kidogo. Mwaka 1994 ilitoka filamu iitwayo Stargate, ya Roland Emmerich. Kisa chake: wachimbaji huko Misri walifukua pete kubwa ya zamani mno, na pete hiyo ni mlango. Ukizipanga alama zake sawasawa, inafunguka njia ya mkato hadi sayari nyingine. Mwaka 1997 filamu ikazaa tamthilia, Stargate SG-1, akiongoza Richard Dean Anderson, yule yule wa MacGyver. Ilidumu misimu 10, sehemu 214. Nayo ikazaa Stargate Atlantis mwaka 2004, misimu 5, sehemu 100 kamili. Mtoto wa tatu ndiye huyu, Universe, kazi ya Brad Wright na Robert C. Cooper. Wright alikuwapo tangu SG-1 na Atlantis zinaundwa.

Kilichonivuta mimi, nikiwa mtu wa programu, ni ule mfumo wa anwani. Fikiria simu ya mezani. Ukiwa Mombasa ukampigia mtu wa Mombasa, namba fupi yatosha. Ukimtaka wa Nairobi unatanguliza 020. Ukimtaka wa ng'ambo unaongeza tarakimu nyingine. Stargate ni hivyo hivyo: alama 7 zinakupeleka popote ndani ya galaksi yetu, alama 8 zinakupeleka galaksi nyingine. Lakini pete ina nafasi 9. Kwa miaka 12 ya tamthilia mbili, ile nafasi ya tisa ilikuwapo tu. Nani aliiweka? Ya kazi gani? Mtu yeyote aliyewahi kusoma msimbo ulioandikwa na mtu mwingine anaijua hisia hiyo: unakuta sehemu iliyotengwa, haitumiki, na aliyeiweka keshaondoka.

Universe ndiyo iliyokuja kujibu. Alama 9 zinakupeleka kwenye chombo kiitwacho Destiny, kilichorushwa na wakale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, hakina nahodha, kinajiendesha chenyewe. Mbele yake vilitangulia vyombo vingine vinavyopanda pete katika sayari, na Destiny inafuata nyuma, galaksi baada ya galaksi. Watu wapatao 80, wanajeshi na raia, wanakimbia kituo kinachoshambuliwa na kuangukia humo bila kujiandaa. Hakuna njia ya kurudi nyumbani. Hewa inakwisha, maji yanakwisha, stima inakwisha.

Waandishi walizipa zile sehemu za mwanzo majina ya mahitaji hayo hayo: Air, Darkness, Light, Water. Katika Light chombo kinaelekea moja kwa moja kwenye jua, kila mtu anajua atakufa, wengine wamepigiwa kura waondoke kwa chombo kidogo na wengine wabaki. Kumbe Destiny haikuwa inajiua. Ilikuwa inakwenda kuchaji betri. Wallahi mpaka leo naiona ile ni saa bora kabisa ya televisheni kwa mtu yeyote aliyewahi kuogopa mashine asiyoielewa.

Na yuko Eli Wallace, ambaye aliigizwa na David Blue. Eli si mwanajeshi, wala si profesa. Ni kijana mnene aliyeacha chuo, anakaa kwa mama yake, anacheza gemu usiku kucha. Mama yake ni muuguzi aliyeambukizwa virusi vya Ukimwi akiwa kazini. Wakubwa walificha fumbo la hesabu la ile anwani ya alama 9 ndani ya gemu, na Eli akalifumbua. Asubuhi wakamgongea mlango. Wangapi kati yetu tuliojifunzia kompyuta kwenye saiba tuliota mlango ukigongwa hivyo?

Sasa ilifikaje Feri. Juni 2009 waya wa TEAMS ulifika Mombasa ukitokea Fujairah, na Julai waya wa SEACOM ukaanza kazi. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kukohoa kohoa. Miezi michache baada ya nyaya, Universe ikaanza kuonyeshwa Marekani. Sikuiona kwenye stesheni yoyote. Niliipata kwa bwana mmoja aliyekuwa na meza njiani kuteremka Feri, kati ya muuza mihogo na muuza kadi za simu. Diski za kuchomwa, karatasi ya juu imetolewa kopi mpaka nyuso za waigizaji zimekuwa vivuli. Shilingi 50. Aliniita "fundi" kwa sababu niliwahi kumtengenezea kompyuta yake.

Nilikuwa nikitoka kazini nanunua diski moja, navuka, nafika nyumbani natazama mpaka usiku wa manane. (Mwaka huo huo wa 2009 Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, filamu ya Kikenya ya dakika 21 kuhusu dunia iliyokaukiwa maji, ambayo Januari 2010 ilionyeshwa Sundance. Hiyo sikuiona kwenye meza yoyote ya Feri. Niliiona miaka baadaye. Hadithi ya Vancouver ilikuwa rahisi kuipata kuliko ya Nairobi!)

Katikati ya 2011 nikafika diski ya mwisho ya msimu wa pili.

Kama hujaitazama na hutaki kuharibiwa, ruka aya mbili zinazofuata. Adui ameweka vizuizi mbele ya kila nyota ambayo Destiny ingeweza kuchajia. Wanaamua kuivuka galaksi yote bila kusimama hata mara moja, halafu kulivuka lile pengo tupu lililoko kati ya galaksi na galaksi. Ni safari ya miaka 3. Chakula hakitoshi, umeme hautoshi. Njia pekee ni kila mtu alale kwenye masanduku ya usingizi, mashine zote zizimwe, chombo kiende peke yake. Hesabu ikikosewa kidogo tu, usingizi unaweza kuwa wa miaka 1,000.

Masanduku yanapungua kwa moja. Watu watatu wamebaki macho: Kanali Young, Dakta Rush wa Robert Carlyle, na Eli. Eli anasema atabaki yeye, ana wiki mbili za hewa kutengeneza sanduku lililoharibika, na yeye ndiye mwenye akili ya kulitengeneza. Wanalala. Taa zinazimwa moja baada ya nyingine. Eli anatembea peke yake mpaka dirisha kubwa la mbele, anatazama nje, anatabasamu kidogo. Chombo kinaonekana kikienda zake gizani. Basi.

Nilimwendea yule bwana kesho yake. "Msimu wa tatu umefika?" Akasema, "Bado, fundi. Wiki ijayo." Wiki ijayo nikamuuliza tena. Bado. Ramadhani ikaingia ikatoka. Bado. Si kwamba alinidanganya, naye hakujua. Alipokea diski kutoka kwa mtu, aliyepokea kutoka kwa mtu. Nilichelewa miezi kadhaa kusoma mtandaoni kwamba uamuzi ulikuwa umetangazwa zamani, tarehe 16 Desemba 2010, kabla hata mimi sijanunua nusu ya pili ya msimu ule. Sehemu zote 20 zilikuwa zimekwisha kurekodiwa, kwa hiyo waandishi hawakupata nafasi ya kurudi kuandika mwisho. Lile tabasamu la Eli liliandikwa kama mwisho wa msimu.

Kwa nini ilikatwa? Sababu ziko tatu nne, na zote zina ukweli. Sehemu ya kwanza ilitazamwa Marekani na watu takriban milioni 2.3. Msimu wa pili ulipofunguliwa, Septemba 2010, walikuwa zaidi kidogo ya milioni moja. Stesheni ya Syfy ilikuwa imeihamisha kutoka Ijumaa kwenda Jumanne, siku yenye mashindano makali, kisha sehemu za mwisho zikapelekwa Jumatatu. Wapenzi wengi wa Atlantis walikuwa na kinyongo, waliona mtoto wao ameuawa ili huyu mpya azaliwe. Wengine walisema ina giza, ina ugomvi, haina mzaha wa SG-1. Mimi hapo nawapinga. SG-1 ilikuwa tamu lakini ulijua kila wiki watarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Universe ilithubutu kuwa na watu wanaokosea na kubaki wamekosea. Lakini nakiri msimu wa kwanza ulijikokota, na mtu aliyeacha katikati simlaumu sana.

Pigo kubwa lilikuwa la pesa. MGM, wenye mali, waliingia kwenye ulinzi wa kisheria wa kufilisika Novemba 2010. Zilikuwapo ndoto za filamu, za SG-1 na Atlantis na baadaye moja ya kuifungia Universe. Aprili 2011 Brad Wright akawaambia mashabiki kule Vancouver kwamba haitakuwapo. Kwa mara ya kwanza tangu 1997 hapakuwa na Stargate yoyote inayotengenezwa.

Universe si ya kwanza wala ya peke yake. Miezi miwili kabla yake, stesheni hiyo hiyo ilikuwa imeikata Caprica, mtoto wa Battlestar Galactica. Na mwaka 1999 Crusade, mtoto wa Babylon 5, ilisimamishwa baada ya sehemu 13, uamuzi ukiwa umepita kabla hata sehemu ya kwanza haijaonyeshwa. Kisa cha Crusade ni dunia iliyopata maradhi yatakayowaua wote baada ya miaka 5, na meli moja inatafuta dawa. Dawa haikupatikana kwenye televisheni. Walimwengu wale wamebaki wagonjwa.

Sasa nije kwenye jambo lililonikaa kooni miaka yote hii. Ile milioni moja. Nani aliihesabu?

Marekani hesabu hufanywa na Nielsen. Huchagua maelfu ya kaya, huweka kifaa kwenye televisheni zao, kisha kutoka hapo hukadiria nchi nzima. Walioirekodi sehemu na kuitazama baadaye walihesabiwa kando, na uzito wao kwa watangazaji wa biashara ulikuwa mdogo. Mtu wa programu anaelewa mara moja: kumbukumbu za seva huandika kile tu ulichoziamuru ziandike. Usipoandika msimbo wa kumhesabu mtu, mtu huyo hayupo.

Nendeni Feri mkaone. Gari likivuka hulipa, hupewa stakabadhi, linajulikana. Sisi wa miguu twapita bure, na idadi yetu ni ya kukadiria, hutajwa zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Ndivyo nilivyokuwa mimi kwa Syfy, abiria wa miguu. Sikuwa na kifaa cha Nielsen. Nilikuwa na diski ya shilingi 50, na katika hiyo 50 hata senti moja haikufika Vancouver. Nilikuwa mtazamaji mwaminifu kuliko wengi waliohesabiwa, na kwa upande wa wenye mali nilikuwa sifuri. Pengine chini ya sifuri. Siku hizi nikikuta mtu anatumia nakala ya wizi ya programu yangu huwa nakasirika, halafu nakumbuka ile meza, hasira inapungua mpaka naona haya.

Na lipo jingine ambalo sijawahi kuliandika popote. Miaka hiyo hiyo nilikuwa natengeneza programu ya stakabadhi na hesabu ya mali kwa duka moja la vifaa vya ujenzi hapa kisiwani. Toleo la kwanza likafanya kazi. La pili likafanya kazi vizuri zaidi. Mwenye duka akaacha kulipa, nami nikaacha kwenda. Haki yangu, sivyo? Lakini kwenye skrini nilikuwa nimeshaweka kitufe kimeandikwa "Ripoti ya Mwezi", na ukikibonyeza kinakuambia "Inakuja hivi karibuni".

Dada aliyekaa kaunta alikuwa mtu wa Likoni. Tulikutana kwenye feri mara nyingi. "Kaka, ile ripoti yetu vipi?" Nami namjibu, "Bado, dada. Hivi karibuni." Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba haiji. Siku moja akanieleza, bila lawama, kwamba kila tarehe 30 hubonyeza kile kitufe kwanza, labda kimeanza kufanya kazi, halafu hutoa kikokotoo na kukaa mpaka saa mbili usiku akijumlisha stakabadhi kwa mkono. Alifanya hivyo karibu miaka miwili. Hakuwa yeye aliyekataa kunilipa.

Ilipofika siku niliposoma kwamba Universe ilikufa miezi mingi kabla ya mimi kujua, nilikasirika: kwa nini hakuna aliyetuambia? Kisha nikamkumbuka dada wa kaunta. Jumamosi iliyofuata nikaenda dukani bila kuitwa. Ripoti yenyewe ilinichukua saa nne. Saa nne tu! Mwenye duka hakunilipa, wala sikumuomba.

Stargate haikufa kabisa. Mwaka 2017 vilitoka vitabu vya katuni vilivyojaribu kuendeleza kisa cha Destiny. Mwaka 2018 ikaja Stargate Origins ya mtandaoni, vipande 10 vifupi, siisemi zaidi ya hapo. Amazon ikainunua MGM, biashara ikakamilika Machi 2022, na Novemba 2025 ikatangaza kwamba imeidhinisha tamthilia mpya ya Stargate chini ya Martin Gero, aliyewahi kuandika Atlantis. Niliisoma habari hiyo nikitafuta jina moja tu, na sikuliona.

Nimepiga hesabu. Miaka 3 ya usingizi wa Destiny, ukianzia Mei 2011, ilikwisha 2014. Kama Eli alilitengeneza lile sanduku, wote wameshaamka, wako galaksi nyingine, na sisi ndio tuliolala. (Feri nayo ina misimu yake isiyokamilika. Tuliahidiwa vibanda vya kuning'inia kwenye waya vituvushe juu kwa juu, na bado naangalia angani.)

Meli ikapita, geti likafunguliwa, umati ukasukumana kuteremka. Nikajikuta nimesimama na yule kijana kwenye feri, karibu na chuma cha pembeni. Akaniuliza, "Mzee, umeshaiona yote hii? Ina misimu mingapi?"

"Miwili."

"Miwili tu? Basi wiki hii naimaliza."

Nikamwambia akifika ile ya Light asiitazame kwa simu, atafute skrini kubwa, na azime taa.